Fundi wa Mashine na Picha ya Kisima

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1980, saa kumi alasiri, watu mia tano sabini na wawili waliketi katika ukumbi wa sinema wenye viti mia sita. Juu yao, nyuma ya tundu dogo la ukutani, alisimama mtu mmoja tu, Fundi wa mashine. Hakuwa akiwatazama. Kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kuwasikia: kikohozi kimoja ni kikohozi, lakini vikohozi vikifuatana ujue picha imeanza kuwachosha watu.

Aliingia humo ujanani akiwa mfagiaji wa maganda ya karanga, akapanda ngazi hadi chumba cha mashine kwa sababu fundi aliyemtangulia alipenda usingizi kuliko kazi. Baadaye alimwoa dada wa mwenye ukumbi, na mke huyo akawekwa dirishani auze tiketi. Mkanda ulipokatika, Fundi alikwangua ncha, akapaka gundi, akaunga, na picha ikaendelea kabla wapiga miluzi hawajavuta pumzi ya pili. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kiungo chake. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shemeji yake, na mshahara ulitoka mfukoni mwa shemeji huyo huyo. Jina la ufundi peke yake ndilo lililokuwa mali yake.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya kauboi, tena ya gharama kubwa mno. Ilisemekana kwamba watengenezaji walijenga mji mzima wa mbao kwa nia ya kuuchoma moto, na kwamba walikusanya farasi wasio na idadi. Ilisemekana vilevile kwamba huko ilikotoka ilianguka kifudifudi, lakini mwenye ukumbi hakulitia maanani hilo. Masikio yake yaliishia kwa farasi. Akaikodi kwa wiki tatu bila kuiona, akapaka mlango rangi mpya, akamtuma mtu na kipaza sauti mtaa kwa mtaa: "Risasi tangu mwanzo hadi mwisho!"

Risasi hazikutokea. Kwa muda wa saa nzima na ushei, ndugu watatu walichimba kisima katika nchi kavu. Walichimba, wakapumzika, wakachimba tena.

Vikohozi vikaanza. Kisha sauti ikatoka mabenchi ya mbele: "Jamani, hayo maji yatoke basi, tukaoge tulale!"

Picha ilipokwisha, Fundi aliteremka kupunga upepo, akawakuta watazamaji wamesimama nje makundi mawili.

"Nimelipa nione bunduki, nikaonyeshwa sululu!" alifoka muuza nyama. "Sululu si ninayo nyumbani? Imeegemea ukuta, naitazama bure."

"Unaitazama, huishiki," akajibu seremala, na watu wakaangua kicheko.

"Wewe nawe umefurahia nini? Udongo?"

"Wale wanachimba kweli, bwana. Umemwona yule mdogo anavyobadilisha mkono ukichoka? Halafu tajiri wa ng'ombe anawaua pale pale mdomoni mwa kisima. Mimi nimelia, na sioni haya kusema. Ningewalilia vipi watu nisiowajua?"

"Ungekalia kiti nilichokalia mimi ungelia mapema zaidi. Kina msumari."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha hii nzito."

"Nzito kweli, ndiyo maana imeanguka!"

Ubishi huo ulienea kwa kinyozi, sokoni, hata vyumbani mwa watu, ambamo mke alikuwa wa kisima na mume wa bunduki. Hata hivyo wa bunduki walikuwa wengi, nao hawakurudi. Wa kisima walirudi, wengine mara mbili, ila wachache hawajazi ukumbi. Kufika Jumanne, viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu.

Jumatano, kabla ya onyesho, mwenye ukumbi alipanda ngazi akihema. Mke wa Fundi alikuwa amekwisha kufika na chupa ya chai.

"Shemeji, mkasi unao?"

"Ninao wa kuungia mkanda."

"Safari hii utakatia. Toa kile kisima. Toa na yale mazungumzo yao ya jioni. Niachie farasi, risasi na moto."

"Mkanda si wetu, shemeji, tumeukodi tu. Na kisima kikitoka, hawa watu wanagombania nini?"

"Wagombanie lolote! Tangu lini kauboi akahitaji sababu?"

"Watasema fundi kaharibu."

"Waje waniambie mimi. Ukumbi wangu, lawama yangu. Dada, wewe shahidi."

Mkewe alikaza kifuniko cha chupa polepole. "Baba Watoto, mfanyie. Kaka anazama. Na maneno yake nimeyasikia."

Fundi alikata, kazi ikamchukua hadi Ijumaa usiku. Alichagua mahali ambapo hakuna mtu anayesema, asije akamkatiza mtu kauli yake, na vile vipande akavikunja ndani ya kopo, akalisukuma chini ya meza.

Jumamosi kipaza sauti kikapita tena: "Imepunguzwa maneno, imeongezwa risasi!" Ukumbi ukajaa nusu. Muuza nyama alikuja na wenzake. Seremala, ambaye hakulielewa tangazo au hakuliamini, alikuja na baba mkwe wake, mzee aliyewahi kuchimba visima, amemwahidi kwamba ataona kazi yake imetiwa heshima.

Risasi zikalia papo hapo, mabenchi ya mbele yakashangilia. Kisha mtu akafa kando ya shimo.

"Huyu nani?"

"Sijui. Mwenzake yule."

"Yule naye nani?"

"Na shimo hilo la nini, choo?"

Farasi wakatoka vita hivi wakaingia vita vile. Mji ukaungua kabla mtu hajajua nani alikuwa akikaa humo. Muuza nyama mwenyewe akasimama juu ya benchi. "Napenda nyama, lakini siuziwi mifupa mitupu! Rudisheni kiingilio!"

"Kisima kiko wapi?" akapaza sauti seremala. "Nimemleta mkwe wangu aje kuona nini?"

Taa zikawashwa. Mwenye ukumbi akasimama mbele ya kitambaa cheupe, mikono juu.

"Ndugu watazamaji, samahani sana. Mkanda ulikuja mzima. Fundi wetu macho yamechoka. Umemkatikia, akaunga ovyo. Umri, ndugu zangu."

Fundi aliyasikia hayo kupitia tundu lake. Akazima mashine, akateremka na aproni yake yenye madoa ya mafuta, akapita katikati ya viti.

"Shemeji, waambie ulichoniambia Jumatano."

"Nimekuambia nini? Mzee wangu, tusivunjiane heshima mbele za watu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sanduku la tiketi kwapani. Fundi akamgeukia.

"Mama Watoto, ulikuwapo. Sema neno moja tu."

Ukumbi mzima ukageuka. Mwanamke alimtazama kaka yake, akalitazama sanduku.

"Mimi nauza tiketi," akasema. "Mambo ya juu siyajui."

Kwa wiki nzima mji ule ulikuwa haujapatana juu ya picha. Sasa ulipatana. "Kumbe picha haina kosa!" akasema muuza nyama. "Tumemsingizia kauboi wa watu bure!" Waliochukia kisima na waliokipenda wakazomea kwa sauti moja. Fundi alimtafuta seremala kwa macho, akiamini kwamba huyo angalau atauliza swali. Seremala alikuwa amemshika mkono mkwe wake, anamwongoza kutoka. Alipofika karibu alisimama.

"Miaka yote hiyo, mzee, umeshindwa kuiheshimu picha moja?"

Kuzomewa Fundi angeweza kuvumilia. Hili lilimwingia mfupani, kwa maana lilitoka kwa mtu aliyeipenda picha.

Nyumbani mkewe alimtengea chakula, naye hakukigusa.

"Ni kaka yangu. Ulitaka nifanyeje?"

"Useme ulichosikia."

"Halafu kesho tungelala wapi?"

Fundi aliiacha kazi wiki ile, na shemeji hakuwatoa nyumbani. Akawa mwema, akamtumia salamu na sukari. Fundi aliishi chini ya paa lile hadi uzee wake, akinywa chai yenye sukari ile, na mke wake hakulizungumzia tena jambo hilo, wala yeye hakumwuliza.

Lakini kabla hajaacha, Jumapili asubuhi, alilitoa kopo chini ya meza, akarudisha kila kipande mahali pake bila kumwomba mtu ruhusa. Alasiri aliionyesha picha nzima. Mwenye ukumbi, aliyekuwa ofisini, alizisikia sululu, asipande.

Walioingia Jumapili hiyo walikuwa arobaini na watatu. Ishirini na tisa walitoka wakati wa kisima. Wawili walitolewa kwa kupigana. Waliobaki hadi mwisho walikuwa kumi na wawili, na watatu kati yao walikuwa wamelala. Seremala hakuwamo.