Chupa Mbili za Bwana Hillebrand
Tangu bwana Hillebrand, mtengeneza bia wa mji wa Delft, aanze kuchungulia vitu kwa kioo cha kukuzia, kidogo kama kichwa cha pini, mtumishi wake Trijntge hakumwamini tena. Mtu mzima na ndevu zake, kutwa kafumba jicho moja anatazama ukoga wa meno! Hapo kulikuwa na namna.

Trijntge alikuwa mjane, asiye na mtoto wala pa kwenda, na miaka kumi na tisa funguo za ghala alizishika yeye. Masika yale paja la nguruwe la bibi Machteld, mke wa bwana, lilijaa funza humo ghalani. Bibi alinuna, yakaisha. Nani asiyejua kwamba nyama hujizalia funza yenyewe?

Ndipo bwana akaropoka mezani: “Funza ni watoto wa inzi. Mayai nimeyaona.”

Bibi akamgeukia Trijntge. “Inzi? Ghalani mwangu? Nani aliacha mlango wazi?”

“Hakuna, bibi! Nyama ikioza si hutoa funza?”

“Tutaona,” alisema bwana.

Akatia nyama ya ndama katika chupa mbili. Moja akaiacha wazi, nyingine akaifunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Trijntge alielewa vizuri: ile iliyofungwa ikikosa funza, kazi hana. Kila akipita alizitazama kwa jicho la pembeni, akimshuku bwana kwamba atachezea ushahidi.

Siku ya kumi na mbili, funza walikuwa katika zote mbili. Trijntge nusura acheze ngoma. Bwana alinywea, lakini alimwita mchungaji wa kanisa aje kushuhudia na kuandika matokeo.

“Trijn, anayefagia humu ni wewe. Apa kwamba chupa ile haikuguswa.”

Trijntge akaitazama Biblia mkononi mwa mchungaji. Kuapa uongo hakuthubutu.

“Sikuigusa, bwana. Kitambaa tu nilikifua.”

“Ulikifua?”

“Ilikuwa Jumamosi, bwana! Nimesugua mpaka mawe ya barazani, niache kitambaa kina madoa? Majirani wangesemaje? Nilikianika, jioni kikakauka, nikakirudisha.”

“Kutwa nzima chupa wazi!” Bwana aliruka, akamkumbatia mchungaji, akamkumbatia na Trijntge. “Ubarikiwe, mama wee! Ni inzi! Ni inzi!”

Trijntge naye akacheka, ingawa hakujua amefanya zuri gani. Alicheka mpaka akamwona bibi Machteld, ambaye hakucheka.

“Lete funguo za ghala,” alisema bibi, mkono ameshaunyoosha.