Magongo Yenye Alama Arobaini na Moja

Fundi viatu alivunjika mguu akitundika kibao cha duka lake. Kigoda alichopanda kilikuwa kinamfika magotini, jambo ambalo mkewe alimsimulia kila jirani aliyekuja kutoa pole. Mguu ukafungwa plasta, daktari akamwambia atafute magongo, na mkewe akampeleka kwa muuza mitumba aliyeitwa Kila Kitu.

Kila Kitu akatoa magongo mawili ya mbao. Fundi akayageuzageuza. Ngozi ya kwapani ilikuwa imelika zaidi kushoto, na kwenye mpini mmoja kulikuwa na alama za kisu, zimepangwa kama meno ya kitana. Akazihesabu. Arobaini na moja.

"Mwenyewe alikufa?" akauliza.

"Mimi nauza magongo, siuzi habari za marehemu."

"Kwa hiyo ni marehemu."

"Sijasema hivyo."

"Baba watoto," mkewe akasema, "unanunua au unachumbia?"

Wakanunua. Lakini kila alipoketi kazini, macho yake yalirudi kwenye zile alama. Mtu anahesabu siku arobaini na moja, halafu basi. Fundi akawa anayaegemea taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Maiti haichongi alama," mkewe akamwambia.

"Ndiyo maana ziliishia."

Wiki ya tatu akaja mama mmoja na viatu vilivyochoka visigino. Alipoyaona magongo ukutani, akayachukua bila kuomba, akapitisha kidole gumba kwenye mpini.

"Haya yalikuwa ya mume wangu."

Fundi akaweka nyundo chini. "Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Alipona. Siku ya arobaini na moja akayaegemeza mlangoni, akasema anakwenda kunyoosha mguu. Huu mwaka wa tatu, bado anaunyoosha."

"Hukumtafuta?"

"Nilimkuta kwa mama yake, anakula. Akaniuliza kama nimemletea magongo yake. Nikarudi nyumbani, nikayauza siku hiyohiyo."

Fundi akavipokea vile viatu. Akamwambia viatu vitakuwa tayari kesho kutwa.

Jioni mkewe akauliza kama amepata habari yoyote.

"Alipona."

"Si nilikuambia."

Yaliyobaki alimweleza asubuhi yake, akiwa amegeukia ukutani. Mkewe aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha.

"Huyo mama akija kuchukua viatu," akasema, "niite."

Alipokuja, fundi akaita. Wanawake wale wawili wakaketi kwenye benchi nje ya duka, wakazungumza kwa sauti ya chini mpaka mchana ukapinduka. Fundi akajikongoja hadi mlangoni kuuliza kama wanataka maji. Wakanyamaza, wakamtazama, wakangoja aondoke.

Akageuka kurudi ndani. Ilimchukua muda.