Sifa wa Bati Mbili, na ngoma aliyoniambia niitoe

Siamini bado, na nyinyi mnaoniuliza inbox kama ni kweli, sina jibu jingine. Ni kweli. Sifa wetu amefariki. Mimi mwenyewe nilimtupia udongo kaburini, na bado naangalia mlango.

Kwa wasiotujua: Bati Mbili ni watu wawili tu, hapa Kalemie. Mimi gitaa na sauti, Sifa batri, yaani ngoma zote. Asubuhi mwalimu wa darasa la pili, jioni mpiga ngoma.

Tulikutana kwenye gereji ya mjomba wangu. Nilikuwa nimechomeka gitaa kwenye redio mbovu, inanguruma. Akapita na mfuko wa ndakala, akasimama. "Gitaa yako inalia kama muntu anaumwa jino. Inakosa wa kuipiga mugongo." Nikamuuliza kama anajua kupiga. Akaweka samaki chini, akachukua spana mbili, akaanza kwenye pipa tupu.

Mafundi wakaacha kazi. Mjomba hakufurahi.

Mji huu unapenda rumba, mnajua. Albamu yetu ya kwanza ilipotoka watu walituuliza: "Na besi iko wapi? Na wacheza-shoo?" Papa mmoja, mzee wa jirani, alikuja hadi gereji, mikono kichwani: "Watoto, kama munagombana, semeni, tutawapatanisha!" Sifa alicheka mpaka akakaa chini.

Hakupiga polepole. Hakujua. Alivunja vijiti kama kuni.

Albamu ya pili tuliirekodi likizo, ndani ya darasa lake. Madawati tuliyasukuma ukutani, mikro ya kurekodia tukaifunga kwa kamba kwenye dirisha. Katikati ya wimbo mmoja mvua ikashuka juu ya bati, kelele hiyo! Nikasimamisha gitaa. Yeye hakusimama. Alipomaliza akasema, "Hiyo rekodi njo ya kweli. Usiguse." Sijaigusa.

Tulimaliza nyimbo zote. Ikabaki miksaji tu, kuchanganya sauti, na yeye akasema anapanda boti kwenda Zongwe kumuona mama yake, atarudi shule zikifunguliwa. Alikuwa mzima. Alikuwa amebeba sukari na kitenge cha mama. Alinipungia mkono bila hata kugeuka vizuri, kwa sababu alikuwa anabishana na mwenye boti.

Ndiyo picha ya mwisho niliyo nayo. Mgongo wake.

Homa ilimshika huko. Walisubiri ziwa litulie ili wamlete mjini, upepo haukukubali. Uliponyamaza, yeye pia alikuwa amenyamaza. Kaka yake Dieudonné alitafuta mahali penye rezo, mtandao wa simu, akanipigia. Nilimwambia, "Unamaanisha Sifa gani?" Niliuliza hivyo kweli. Kama vile niko na Sifa wengi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo akili yangu imekwama.

Kaka alishuka Kalemie kutafuta mbao za sanduku la kumzikia, simu ya dada yake iko mfukoni. Ilipopata rezo, simu yangu ikalia. Jina: Sifa. Ujumbe wa sauti.

Niliketi chini palepale sokoni. Mama mmoja anayeuza mihogo akaniuliza kama nimeona nyoka.

Ilikuwa sauti yake ile ile, ya kukimbia, kuku wanalia nyuma yake. Aliirekodi kabla homa haijamzidi, ikabaki imenaswa ndani ya simu. "Weye, ule wimbo wa mwisho, nimefikiri. Toa ngoma yangu yote. Acha gitaa peke yake. Nitakueleza nikifika."

Atanieleza akifika!

Kwa nini, Sifa? Ni wimbo wako bora. Ulikuwa umechoka nami? Ulisikia kosa ambalo mimi silisikii? Nimeurudia mpaka masikio yanauma, sioni kitu.

Nikapanda boti pamoja na mbao. Kwenye kilio mama yake, Mama Kalunga, aliniita pembeni kwenye mkeka. "Weye njo unapigaka muziki na mutoto wangu? Aliniambiaka anafundisha kwaya."

Nikasema mimi ni wa gitaa, yeye wa ngoma. Akasema, "Nisikilizishe."

Nikamshikia simu sikioni. Wimbo ule wa mwisho. Wamama wengine wakapunguza kulia ili wasikie nao. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjwa.

"Nani alimukasirisha mutoto wangu hivi?"

"Hapana, Mama. Hakukasirika. Akipiga hivi alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Meno yote nje, Mama."

Akafunika mdomo na kitenge. Halafu, "Rudisha mwanzo." Nikarudisha. Mara hii kidole chake kilikuwa kinagonga mkeka.

Ndipo nikamwambia kuhusu ujumbe, kwamba mwenyewe aliomba ngoma itolewe. Nilitaka mtu aamue badala yangu, hiyo ndiyo kweli.

"Papa," Mama akaniambia, "Mungu ameshatoa. Na weye unataka kutoa tena?"

Tulimzika, nikarudi mjini na neno hilo.

Kwa hiyo watu wangu, albamu itatoka. Sijui tarehe, msiniulize. Sijui kama Bati Mbili inaweza kuwa mtu mmoja. Sijui hata kama ninafanya vizuri.

Lakini wewe Sifa, nisikilize. Nimekukatalia. Ngoma inabaki, yote, na makosa yake kama yapo. Kama ulikuwa na sababu, nitaisikia siku tutakapoonana, na najua utanigombeza kwa sauti kubwa mbele ya watu.

Ulale salama, dada. Nitaipokea hasira yako siku hiyo, mradi tu niisikie.