Mlinzi Aliyelala Mchana

Mtu asiniambie kwamba video ile ni ya Gaurav. Ndiyo, Gaurav ni bosi wangu, duka la magodoro hapa Levolosi ni lake, na wazo la kuweka kitanda kando ya barabara lilikuwa lake. Lakini aliyeshika simu ni mimi, Catherine, na maneno yaliyoandikwa juu ya video ni yangu. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi. Safari hii ulimponza mtu mwingine.

Mtu huyo ni Lesian. Ni Mwarusha wa Oldonyosambu, baba wa watoto wanne, na kwa miaka kumi na mmoja analinda ghala la Mama Zahabiya kule Themi, ambamo wafanyabiashara wanne wamepanga na kuweka mali zao. Kila asubuhi akitoka lindo hupita dukani kwetu, hunisalimia, hunywa chai ya rangi kwa jirani, ndipo aende kwake kulala. Si msemaji. Ana jambo moja tu la kujivunia, na hilo mpaka umchokoze sana ndipo alitaje: hajawahi kukutwa amelala lindoni.

Siku hiyo tulikodi matarumbeta, wale wapigaji wa kwenye harusi. Tukatoa kitanda nje, tukatandika godoro jipya. Mpango ulikuwa mtu alale huku anapulizwa tarumbeta masikioni. Tulijaribu watu wawili, wote wakaishia kucheka. Ndipo Lesian akatokea, macho mekundu, rungu mkononi.

"Kaka, jinyooshe kidogo tu utusaidie," Gaurav akamwambia.

Akajinyoosha na shuka lake, na jamani, yule mtu alilala kweli. Tarumbeta zinalia, ngoma inapigwa, watu wamejaa mpaka mtaroni, yeye anakoroma na rungu lake kifuani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikaandika, "Godoro hili, hata mlinzi hachomoki," nikairusha video mtandaoni.

Kufika Jumapili ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Wateja walitoka hadi Moshi. Gaurav alitembea dukani kama bwana harusi, na mimi, sitakudanganya, nilivimba kichwa.

Jumatatu Lesian hakupita. Jumanne hakupita. Jumatano jioni nilimfuata Themi, nikamkuta langoni anaingia lindo.

"Dada," aliniambia, wala hakukasirika, "wapangaji wanataka mlinzi mwingine. Wanasema kama tarumbeta hazikuniamsha, mwizi ataniamsha vipi?"

"Lakini ulikuwa umeshatoka kazini! Ilikuwa saa nne asubuhi."

"Video haisemi ilikuwa saa ngapi."

Mama Zahabiya alikuwa upande wake, ila wapangaji walishampa mpaka Jumamosi aamue. Watoto wa mtaani nao kila wakimwona walikuwa wanamkoromea. Mtu mzima, na kazi yake safi, anakoromewa na watoto kwa sababu yangu. Niliumia sana.

Nilimwomba Gaurav tuifute. Alisita kidogo, akaifuta, maana naye ana utu. Lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye magrupu yote, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikapata wazo jingine, la kijinga kuliko la kwanza. Nikamwambia Lesian nije nimrekodi akiwa macho usiku.

Akanijibu, "Dada, miaka kumi na mmoja niko macho na hakuna aliyewahi kuja kuniangalia. Hiyo ataiangalia nani?"

Nikairudisha simu mkobani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye kikao pale ghalani. Mama Zahabiya, Lesian na wapangaji wote wanne walikuwepo. Nikaeleza kila kitu: kitanda, saa, maneno niliyoandika. Nikaomba radhi. Alnoor, mpangaji muuza vipuri, akanijibu kwa upole.

"Tumekuelewa, dada. Umetuambia mchana alilala kwa nini. Sasa nani atatuambia kwamba usiku halali?"

Lesian aliinamisha kichwa.

Mara lango likagongwa. Waliingia walinzi sita wa mtaa ule, ndiyo kwanza wametoka lindo, na Lesian hakuwa amewaita. Wakamwamkia Mama Zahabiya shikamoo mmoja baada ya mwingine. Sironka, anayelinda karakana ya ng'ambo ya barabara, ndiye aliyesema.

"Mama, sisi usiku kila saa mmoja anawasha tochi mara mbili. Wa pili anajibu, wa tatu anajibu, mpaka mtaa mzima uishe. Asiyejibu tunamfuata, maana ama amelala ama amepatwa na jambo. Mimi mwenyewe nimeshafuatwa mara tatu." Wenzake wakacheka chinichini. "Huyu Lesian, miaka kumi na mmoja, hatujamfuata hata siku moja."

Wapangaji wakatazamana. Alnoor akavua miwani yake, akaifuta taratibu.

"Mbona sisi hatukuwahi kulijua jambo hili?"

"Mngelijuaje?" Sironka akamjibu. "Mlikuwa mmelala."

Alnoor akasimama, akaenda kumpa Lesian mkono. Habari ya mlinzi mwingine haikutajwa tena.