Arlene Zikmund na Watoto Sitini

Arlene Zikmund hakusoma gazeti kama watu wengine. Alianza na ukurasa wa waliozaliwa. Akikuta jina la mtoto wa pande zetu, alihesabu kwa vidole na kusema, "Miaka mitano tu, huyu wetu." Kisha aligeukia waliofariki, na hapo pia alihesabu. Mazishini, kabla hata hajatoa pole, ungemsikia akiuliza marehemu ameacha wajukuu wangapi na wanasoma wapi. Watu walimcheka. Hakujali.

Wala hakuwa na wazimu. Mji wetu wa Kolar, hapa Nebraska, ulikuwa umebaki na watu mia mbili na kumi na wanne, na wengi wao meno waliyo nayo wameyanunua. Duka la vyakula lilishafungwa, benki ilishafungwa, na kanisa la Kilutheri lilipata mchungaji Jumapili moja, ya pili halipati. Kilichobaki ni shule, jengo moja la matofali, wadogo kabisa hadi wa darasa la kumi na mbili chini ya paa moja. Arlene alisoma hapo, wakahitimu ishirini na wanne. Aliolewa na Leonard, dereva wa basi la shule hiyo hiyo, na akamzika. Mwanawe wa pekee akahamia Denver. Yeye akabaki karani wa ofisi kwa miaka thelathini na moja, na mimi mpishi, jiko langu likitazamana na mlango wake. Nilimjua kuliko ninavyowajua dada zangu.

Mwaka mmoja bodi ya wilaya ilitoa uamuzi. Ijumaa ya mwisho ya Septemba, siku ya hesabu, mkaguzi akikuta watoto pungufu ya sitini, Kolar ifungwe, na watoto wapande basi hadi Harmon, saa nzima na dakika kumi kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Harmon, mji uliotufunga kwenye mpira miaka nenda miaka rudi na kutuita wanuka nguruwe! Na mtoto aliyelala nyumbani kwa homa hahesabiwi. Lazima awe kitini.

Tulikuwa na watoto sitini na wawili. Wanne kati yao walikuwa wa akina Pruitt.

Dell Pruitt aliletwa na kazi ya shamba la nguruwe mwezi wa Agosti, yeye na mkewe Tawnya na watoto wao, kutoka Arkansas. Siku walipoandikishwa Arlene alikuja jikoni machozi yakimlengalenga. "Ardis, wanne! Wanne kwa mpigo!" Mgeni njoo, mwenyeji apone, sijawahi kuona msemo ukikaa mahali pake kama siku ile.

Jumanne ya wiki ya hesabu Tawnya aliingia ofisini akiwa bado na viatu vya mpira vya zizini. Nilikuwa nimempelekea Arlene kahawa.

"Bi Arlene, nimekuja kuwatoa watoto. Mama yangu yuko hoi. Daktari kasema tuwahi. Kesho alfajiri tunaondoka, na sidhani kama tutarudi."

Arlene aliweka kalamu chini polepole. "Pole, mwanangu. Keti kwanza. Sasa wewe nenda, watoto niachie mimi. Nina vyumba vitatu vitupu."

"Anataka kuwaona wao. Mimi ameshanichoka," Tawnya alisema, akajaribu kucheka. "Wajukuu ndio anawataja."

"Basi Ijumaa. Ijumaa saa nne na nusu asubuhi mko barabarani. Siku mbili tu, Tawnya."

"Mama hajui Ijumaa ni lini, Bi Arlene."

"Sikiliza. Madaktari hupenda kutisha watu. Mama yangu mimi walimpa siku tatu. Akaishi miaka miwili, na kila siku ya miaka hiyo alinigombeza. Au nasema uongo, Ardis?"

Hakusema uongo. Nilimjua yule bibi. Nikasema, "Kweli kabisa," na Tawnya akanitazama kama mtu anayetafuta ruhusa. Mwishowe akakubali. Kwa kuwa simu hazishiki kule shambani, aliomba dada yake apewe namba ya ofisi, apige hapo kukiwa na lolote.

Kufikia jioni mji mzima ulishajua, na hapo tukaanza wema wetu. Fundi Kroupa aliifungia pikapu yao matairi manne. Wanawake walipeleka mabakuli ya viazi vya kuoka na nyama, hadi Dell akakosa pa kuyaweka. Mimi nilipeleka trei mbili za mikate ya mdalasini. Mzee mmoja alikwenda kuwajazia mafuta, akamwambia Tawnya, "Ya safari hayo, binti. Safari ya Ijumaa, lakini!" akacheka. Ungemkataliaje mtu aliyekufungia matairi? Tulimfunga Tawnya kwa fadhila, kamba juu ya kamba, na kila aliyerudi nyumbani alijiona mkarimu.

Ijumaa nilipika supu ya maharage yenye pilipili, maana siku ya supu hiyo na mkate wa mdalasini hakuna mtoto wa Kolar anayejisingizia kuumwa tumbo. Baba mmoja alimleta mwanawe anayetapika kweli, akamkalisha na ndoo mapajani. "Ukitapika, tapika ukiwa umekaa," akamwambia. Tulicheka. Mkaguzi alikuwa aanze saa nne kamili. Pikapu ya akina Pruitt ilikuwa nje, vitu vimefungwa kamba, Tawnya ndani yake anasubiri.

Saa tatu na nusu simu ililia ofisini. Mlango wake ulikuwa wazi, na wangu pia. Nilimwona Arlene akisikiliza. Alisema, "Ndiyo." Kisha, "Lini?" Kisha, "Nitamwambia." Akaweka simu chini na kushika meza kwa mikono miwili. Akainua macho, akaniona.

"Amekufa," alisema. "Alfajiri ya leo."

Sote wawili tulitazama nje, kule kwenye pikapu. Nilijua, naye alijua, kwamba Tawnya akiambiwa atawabeba watoto wake dakika hiyo hiyo, na wakitoka wanne wanabaki hamsini na wanane. Arlene hakuniomba ninyamaze. Alichukua rejista akatoka kumpokea mkaguzi. Nami nikarudi kukoroga supu.

Sitini na wawili. Mkaguzi aliandika, akatia saini, na walimu wakapiga makofi kwenye ukumbi. Saa nne na dakika ishirini Arlene alikwenda kwenye pikapu bila koti. Nilimfuata, sijui kwa nini. Alimwambia. Tawnya hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Walipiga saa ngapi?"

Angeweza kusema sasa hivi. Nani angemsuta? Arlene alisema, "Saa tatu na nusu."

Tawnya aliitazama saa ya kwenye gari. Halafu alinigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Hapana," nilisema.

Waliondoka na watoto wao wanne, na mabakuli yetu wakatuachia kwenye ngazi ya shule, yameoshwa.

Mwaka uliofuata tulihesabu hamsini na saba, na Kolar ikafungwa. Alfajiri sasa basi la Harmon linapita na watoto wamelala, vichwa kwenye vioo. Dell alimsimulia mfanyakazi mwenzake wa zamani kilichotokea, na habari ikarudi kwetu. Mji ukaamua kwamba yote yalikuwa ya Arlene. Kroupa wa matairi anamwita mwanamke asiye na moyo. Wanawake wa mabakuli hawakai naye benchi moja kanisani. Amemwandikia Tawnya barua nne, hakuna iliyojibiwa.

Huwa nakwenda kwake Alhamisi, tunakunywa kahawa, anasoma gazeti kuanzia mwanzo kama mtu yeyote. Hajawahi kumwambia mtu kwamba nami nilijua. Wakimsema mbele yangu, ninatazama chini na kuendelea kula.