Mkono Tunduni, Tlawi

Watu wa Katesh wakiniuliza kabila langu huwaambia wachague wenyewe, mimi nimechoka. Baba aliyenilea alikuwa Mrangi wa Kondoa. Alikuja na punda wa chumvi na kaniki enzi za Mwingereza, pori la mbung'o lilipofyekwa na watu wa kila namna wakamiminika Hanang. Mama alikuwa Mwiraqw wa Tlawi. Mimi nilizaliwa Gehandu, kwa wafugaji wa Kimang'ati. Haya, chagueni.

Mama alipata mimba kabla ya kuolewa. Kwao binti wa namna hiyo alifukuzwa akazalie kwa kabila jingine, ati asiichafue ardhi mvua ikakatika. Mwanamke mmoja wa Kimang'ati alimpokea, akamnywesha maziwa, akamzalisha. Baadaye baba akapita na punda wake, akamwoa mama, akanichukua na mimi. Mungu amrehemu.

Nilipokuwa msichana wa kuweza safari ndefu, habari ilifika Katesh, kwenye duka alilofungua baba, kwamba bibi, mama yake mama, hawezi tena kuinuka. Mama hakuwa amemwona tangu afukuzwe. Alijifunga nguo, akanishika mkono, tukapanda hadi Tlawi.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alitusimamisha nje. Nilimwamkia shikamoo, akanipa mgongo. Akamwambia mama, "Ukiingia na huyo, nyumba nzima itatengwa."

Mama akasema haingii. Akazunguka nyuma, akaketi chini, akamwita mama yake kwenye tundu dogo la ukutani. Bibi akaitika. Lo, mama alilia siku ile! Mtu mzima, kaegemea udongo, analia bila haya.

Walizungumza Kiiraqw, nami nilikuwa nakielewa. Bibi akauliza ile mimba iliishia wapi.

"Iko hapa," mama akasema.

"Ina mikono?"

"Ina."

"Basi nipe."

Mama akanivuta karibu, nikaingiza mkono tunduni. Nikashikwa na vidole vikavu, vya moto kwa homa. Vilinipapasa kiganja, vikapanda polepole hadi kiwiko. Nilifurahi mno, siwezi kusema uongo.

Mjomba akatuona. Ebo, alivyopiga kelele! Majirani wakaja, wakasimama mbali. Mtoto kama mimi alikuwa mwiko, na aliyemgusa alitengwa mpaka muda wa mwiko upite: hapewi moto, hatekewi maji, hakuna anayekula naye. Sisi tulifukuzwa kwa mawe. Mjomba akahamisha mke na watoto siku ile ile, akamwacha mama yake mzazi peke yake, mgonjwa, kitandani. Amekwisha kufa naye, na bado namkasirikia.

Bibi hakuumaliza muda wake. Mtu mmoja wa Tlawi aliyeshusha ng'ombe mnadani ndiye aliyetuletea habari ya msiba. Baba alimpa kiti, akaanza kumpa pole mama. Mama hakumsikiliza. Alimwuliza yule mgeni jambo moja tu, nani alimpelekea bibi maji.

Yule mtu akasema hakuna, wote waliogopa.