Sista Chapchap na Kitanda cha Saba

Wodi nzima ilimwita Sista Chapchap, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa ya uuguzi ilikuwa imemfundisha kugawa dawa kwa wagonjwa ishirini na wanane kabla chai ya mwenzake haijapoa. Watu wa polepole walimpandisha hasira. Ukimwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni, alikujibu kwamba ukingo alishauvuka zamani, wewe endelea kukaa hapo na methali zako.

Kosa lote si lake, tuseme ukweli. Wauguzi wawili kwa wagonjwa wote wale ni maji kuzidi unga, na mtu hujifunza kufupisha. Yeye alifupisha kwa namba. Mgonjwa hakuwa mama fulani wala bibi fulani, alikuwa kitanda cha pili, cha saba, cha kumi na nne, na kadi yake ya dawa ilining'inia miguuni pa kitanda.

Siku hiyo, saa sita na nusu mchana, alifika kitanda cha saba na sindano ya insulini mkononi. Kadi ilisema kisukari, kidonda mguuni, sindano kabla ya chakula. Akavuta shuka, akaushika mkono.

"Bibi, wewe ndiye wa sukari, eti?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akamchoma, akatia sahihi, akaenda zake cha nane.

Saa nane alikabidhi zamu. Nusu saa baadaye alikuwa nyumbani, mdogo wake akimpakulia chakula. Aliinama kuvua viatu, na akiwa na kiatu kimoja mkononi akaukumbuka mguu uliofungwa bendeji, ukichungulia nje ya shuka karibu na mlango wa choo. Kile kilikuwa kitanda cha pili. Aliupita mguu ule wakati anatoka, hata akamuaga mwenye nao.

"Dada, kaa ule," mdogo wake alisema.

Akakaa. Akasimama. Akapiga simu wodini, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Alijiambia bibi mwenyewe alikubali, alisema ndiyo kwa kinywa chake. Lakini alijua vizuri kwamba wazee huitikia ndiyo kwa kila aliyevaa sare. Na insulini kwa asiye na kisukari huishusha sukari mpaka mtu anazimia, na asipowahiwa haamki. Saa mbili zilikuwa zimepita.

"Umesahau nini kazini?"

"Bado sijui," alijibu, na miguu ilikuwa imekwisha kutoka nje.

Kwenye pikipiki alimhimiza dereva mpaka yule bwana akamwambia, "Mama, hospitali tunaenda kwa hiari yetu, tusije tukapelekwa." Hakucheka.

Bibi wa kitanda cha saba alikuwa amelala ubavu, sahani yake haijaguswa. "Amesinzia, joto limemchosha," alisema mgonjwa wa jirani. Shuka lilikuwa limelowa jasho. Alipoitwa, aliguna tu. Kipimo kikaonyesha sukari moja nukta tisa, chini ya nusu ya kawaida. Sista Chapchap akamwita muuguzi wa zamu kwa sauti, wakamsukumia glukosi mshipani, kisha ikabidi kungoja. Hilo hakuwa amelizoea. Alizunguka kitanda, akashika mkono wa bibi, akauachia, akazunguka tena, mpaka bibi akafumbua macho na kuomba maji.

Ndipo akamkumbuka yule wa kitanda cha pili, aliyeikosa sindano yake. Sukari yake ilikuwa imepanda vibaya, na daktari akaitwa.

"Nilikuwa nakwenda haja kila mara na mguu huu," yule mama alieleza, "na choo kiko mbali. Bibi akanionea huruma, leo asubuhi tukabadilishana vitanda. Kadi hatukuzigusa, tukajua ni mali ya daktari."

Muuguzi wa zamu alimvuta kando. "Dada, si amezinduka? Andika sukari ilishuka, yaishe."

Alichukua fomu ya makosa ya dawa, akavuta kiti, akakaa kando ya bibi.

"Bibi, nilikuchoma dawa ya mwenzako. Ungeweza kufa. Mbona ulisema ndiyo?"

"Ulishavuta shuka, mwanangu. Nikaona nitakuchelewesha."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akainamia fomu. Mstari wa kwanza uliuliza jina la mgonjwa. Siku sita alikuwa akimhudumia bibi huyu, na jina lake hakulijua.

"Unaitwa nani, bibi?"

Bibi alilitaja, akaongeza la baba yake na la babu yake, kisha akaanza kueleza ni nani aliyempa jina hilo na kwa nini. Sista Chapchap aliweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka akamaliza.